Nyumba Isiyokuwa na Sufuria

Wewe cheka tu. Hata kakangu alicheka, mpaka alipokuja kulala kwetu, asubuhi akaondoka bila kunywa chai. Haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, pale Kaloleni, Kisumu, miaka ya tisini, jioni, kabla giza halijakolea. Sikuwa nimelala, sikuwa mgonjwa, na pombe sijawahi kuonja.

Mume wangu, Baba Achieng, alikuwa fundi wa kompyuta mjini. Siku hizo Kisumu ukitaja kompyuta watu walidhani unajigamba. Sasa kulikuwa na mhandisi mgeni aliyefanya kazi kule Ahero, kwenye mashamba ya mpunga. Aliporudi kwao alimwachia Baba Achieng zawadi: helmeti nyeusi, nzito, yenye skrini mbili ndogo mbele ya macho na spika za kuziba masikio. Unaiunganisha na kompyuta, unaivaa, unajikuta uko ndani ya picha. Ukigeuza kichwa kushoto, picha nayo inageuka kushoto. Mama Nafula, jirani yetu wa mlango wa pili, Mluhya mwenye mdomo, aliiita kofia ya pikipiki isiyo na pikipiki.

Mimi sikucheka. Ile helmeti ilikuwa inaninyang'anya mume. Akitoka kazini haulizi chakula, haulizi hata habari za mtoto wetu aliyekuwa kwa nyanya yake Ahero. Anafungua kompyuta, anachomeka kadi, anachomoa, anaandika amri, anatukana. Mara kadi ya helmeti imegombana na kadi ya sauti, mara skrini za ndani ni giza tupu. Kitandani anageuka huku na huku akinong'ona namba. Akakonda, suruali ikaanza kumvuka. Nikamwambia, "Baba Achieng, chagua, hiyo helmeti ama mimi." Akasema, "Mama Achieng, imebaki kidogo tu." Imebaki kidogo! Wanaume na hilo neno.

Kweli ilikuwa imebaki kidogo. Siku hiyo picha ilikuja safi kabisa, ila haikutulia. Yeye amekaza shingo, picha inayumba kando kama mlevi. Akavua, akafikiri, akapiga meza kwa furaha. Akanieleza kwamba helmeti inajua kichwa kimeelekea wapi kwa kitu kama dira, na dira ikiwa karibu na chuma inachanganyikiwa. Basi chuma chote kitoke nyumbani.

Nilifurahi, unajua? Nilidhani leo yanaisha, narudishiwa mume wangu. Tukabeba jiko, karai, debe la maji, pasi, visu, vijiko. Sufuria nikamwambia hizo ni aluminiamu, ziache. "Toa zote," akasema, "sitaki kubahatisha." Tukarundika kila kitu kwa Mama Nafula, naye akauliza kama tunahama. Nilibaki na mwiko wa ugali tu, kwa sababu ni mti. Kompyuta yenyewe, lile sanduku, aliisukuma mbali mpaka waya ukanyooka.

Na ikafanya kazi, yawa! Alicheka kama yule kijana aliyenioa. Alichokiona yeye kilionekana pia kwenye skrini ya mezani, kwa hiyo nikavuta kiti nitazame. Ulikuwa mchezo wa nyumba ya mawe, korido ndefu isiyo na mtu. Anageuza kichwa, korido inageuka naye.

Ndipo nikasikia sufuria zikipigwa huko nje.

Kama hujui Nyawawa, nikueleze. Ni roho zinazotembea. Hupita kutoka ziwani jioni fulani, bila taarifa, na upepo na sauti kama za watu wengi wanaoongea mbali. Hawamsumbui mtu anayewapigia kelele. Mtaa wote unapiga sufuria, debe, mabati, ili wajue hapa pana wenyewe na wapitilize. Hata sisi tuliookoka tunapiga, tunaomba na tunapiga. Nyumba ikinyamaza ni kama imesema karibu.

Nikakimbilia jikoni kuchukua sufuria. Sufuria gani sasa? Nilisimama pale mikono mitupu. Kwa Mama Nafula nilisikia sufuria yangu kubwa, ile niliyopewa siku ya harusi, naujua mlio wake, anaipiga kuokoa nyumba yake. Baba Achieng masikio yameziba, hasikii lolote. Nikapiga makofi, nikapiga meza, lakini mbao italia nini? Paa letu lilikuwa la vigae, mlango wa mbao. Nikaliita jina la Yesu mpaka sauti ikakauka. Kutoka nje kwenda kwa jirani pia sikuweza, kwani mume wangu ningemwachia nani?

Upepo ukainua pazia, ukatulia. Kelele za nje zikahamia mitaa ya mbele. Nikajua wamepita, nikamshukuru Mungu.

Nikaitazama skrini. Korido ilikuwa inageuka kushoto, polepole. Nikamtazama mume wangu, kichwa hakijasogea. Nikadhani ni kijiko tulichosahau mahali. Halafu kichwa chake nacho kikageuka kushoto. Korido ikaenda kulia, kichwa kikafuata kulia. Nielewe vizuri: kichwa ndicho huongoza na picha hufuata. Sasa picha ilikuwa inatangulia na shingo ya mume wangu inavutwa nyuma yake kama mbuzi kwenye kamba.

Nikang'oa plagi. Skrini ikazima, lakini kichwa kiliendelea. Kiligeuka taratibu, kikaikagua nyumba yangu kona kwa kona, macho yakiwa yamefunikwa na ile helmeti.

Akasema, "Hapa pametulia. Tumetembea sana." Sauti ilikuwa yake, lakini Kijaluo kile hakikuwa chake. Kilikuwa cha wazee wa zamani, watu waliokufa kabla sijazaliwa.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Mgeni. Kwani si ninyi wenyewe mlitoa vyombo?"

Nikalia. Nikamwambia huyu ni baba wa mtoto, nendeni, wenzenu wanawaacha. Akajinyoosha kwenye kiti kama mtu aliyeonyeshwa pa kulala.

Hapo hasira ikanipanda. Nyumba ni yangu, mume ni wangu! Nikaliona lile sanduku la kompyuta, chuma kimoja tu kilichobaki kwetu. Nikachukua mwiko nikalipiga. Nikalipiga huku nikipiga kelele, "Piteni! Hapa pana wenyewe!" Mwiko ukavunjika, nikavua kiatu, nikaendelea kwa kisigino mpaka bati likabonyea na vitu vya ndani vikacheza. Mume wangu akaanguka kutoka kwenye kiti, helmeti ikamtoka. Akafungua macho, akaiona kompyuta. "Mama Achieng," akasema, "wazimu? Umeivunja ya nini?"

Nilimkumbatia nikacheka na kulia pamoja. Huyo ndiye mume wangu, nilisema moyoni, amerudi na matusi yake.

Helmeti aliipeleka mwenyewe, sikuuliza wapi. Akaanza kula, akamfuata mtoto Ahero, tukaishi. Kitu kimoja tu: alianza kugeukia mlango kabla mtu hajabisha hodi. Hicho ndicho kilichomfukuza kakangu.

Halafu Nyawawa walipita tena. Safari hii sufuria zangu zilikuwa nyumbani, na mimi nikaichukua kubwa nikaipiga kwa moyo wote, karibu na mlango, kwa furaha hasa. Nilipogeuka, Baba Achieng alikuwa amesimama, koti mkononi, anavaa viatu. Machozi yanamtoka. Akaniuliza kwa upole, "Mama Achieng, mbona unanifukuza?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walisema kwa sababu wao walimjua mgeni ni nani na mwenyeji ni nani.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayeleta mashine nyumbani na kuambiwa ondoa hiki, ondoa kile, ndipo ifanye kazi. Ondoa, lakini ubaki na cha kupigia kelele. Mimi sipigi tena. Mtaa ukianza, nafunga mlango, namkalisha Baba Achieng kitandani, namshika mkono kwa nguvu zangu zote mpaka kelele ziishe. Anavuta, nami navuta, maana nikimwachia sijui ni yupi atakayetoka.