Bunduki ambayo Eulalie aliiona tupu

Ukungu bado umelalia migomba ya Mudaka, kaskazini mwa Bukavu, na Eulalie Nsimire amekwisha kupiga magoti mbele ya meza ya kwanza. Mkononi ana uzi mnene wa plastiki, rangi ya chungwa, wa aina ile inayofungwa kwenye mashine za kukata majani. Anauingiza kwenye karabini, bunduki fupi iliyolazwa mezani, kutokea nyuma, anausukuma taratibu, kisha anainua kichwa kutazama mdomo wa mtutu. Ncha ya uzi inachungulia upande wa pili.

"Umeona?" anamuuliza mwenye bunduki.

"Nimeona, maman."

"Hapana kuniambia umeona. Guza."

Mwanamume anasimama ubavuni mwa meza, ananyosha mkono na kugusa ncha ya uzi. Hapo ndipo Eulalie anaposogea kwenye meza ya pili. Kama kuna risasi ndani, uzi hauwezi kupita. Hakuna haja ya kumwamini mtu, wala jicho la mtu.

Hii ni Jumamosi ya kwanza tangu klabu hii ndogo ya walenga shabaha ifunguliwe tena. Ilifungwa mwaka jana, siku mwalimu Lucien Balagizi alipopigwa risasi akiwa anatazama karatasi yake ya shabaha. Aliyesema kwa sauti kuu kwamba bunduki zote ziko tupu, na kwamba watu wanaweza kwenda mbele, alikuwa Eulalie.

Na mpaka leo, ukimuuliza, atakujibu kwamba zilikuwa tupu.

"Nilionaka tupu," anasema, akijifuta umande magotini. "Halafu mutu akakufa. Hayo maneno mawili yote ni ya kweli, na miye sijue gisi ya kuyaweka pamoja."

Eulalie ana miaka thelathini na sita na ni mshonaji. Cherehani yake iko mtaa wa Kadutu, mjini, chini ya kibaraza anachochangia na muuza mitumba, na ndiyo inayomlisha. Klabu inampa nauli tu. Alifika hapa kwa sababu ya makoti. Walenga shabaha huvaa koti gumu la turubai linaloushika mwili usitikisike, na la dukani huko Ulaya hawakuweza kulinunua. Rais wa klabu, Papa Léopold, dereva mstaafu wa malori, alimletea koti moja kuukuu alifumue aone lilivyoshonwa. Akayashona mengine, akaja Mudaka kuwapima wenyewe, akabaki.

Kubaki kwake kuliwashangaza wa nyumbani. Eulalie ni mtoto wa vita kama wenzake wengi wa Bukavu. Utotoni, mlio wa bunduki maana yake ilikuwa chini ya kitanda, uso sakafuni, mkono wa mama mdomoni. Hata sasa, mlango ukibamizwa kwa upepo, mabega yake hupanda kabla hajajua.

"Lakini hapa nikaona bunduki inasikiaka mutu," anasema. "Unasema 'simama', inasimama. Unasema 'weka chini', inawekwa chini. Mu maisha yangu yote nilikuwa sijaona hivyo. Nikapenda."

Sauti yake ndiyo iliyompa kazi. Ni sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Papa Léopold alimfundisha amri, akampeleka kwa kocha mmoja aliyepita kutoka Kinshasa, akamkabidhi filimbi. Tangu hapo wanamwita kamisaa. Yeye ndiye anayeruhusu kupiga, anayesimamisha, anayekagua, na anayewaambia watu waende mbele kuhesabu alama zao.

Uwanja wenyewe ni machimbo ya zamani ya mawe, na nyuma ya shabaha limerundikwa tuta la udongo refu kuliko nyumba. Kabla ya kuanza, kitambaa chekundu hupandishwa juu ya mlingoti wa mkaratusi ili wanawake wanaokwenda mashambani wajue. Mwanzoni haikusaidia. Risasi ya kwanza ilipolia, wanawake walitupa majembe na kulala kifudifudi kwenye maharage. Papa Léopold ikabidi apite nyumba kwa nyumba kueleza. Bibi mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo munapiga karatasi? Na ile karatasi iliwakosea nini?"

Eulalie anacheka anapokumbuka. Ni mara moja tu anacheka asubuhi hii.

Siku Lucien alipokufa palikuwa na mashindano madogo, wenyeji kwa wenyeji. Raundi ilikwisha. Eulalie akapuliza filimbi, watu wakaweka bunduki mezani, wakavuta nyuma kulasi, kile chuma kinachofungua chumba cha risasi, wakarudi nyuma ya mstari mweupe. Akapita meza moja baada ya nyingine akitazama ndani. Kisha akasema neno lake: nendeni.

Walienda wachache. Lucien alikuwa mbele kwa sababu Lucien alikuwa na haraka daima. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na wenzake wanasema alihesabu alama zake kichwani kabla hajaifikia karatasi.

Mvua ikaanza, ile mvua ya huku Kabare isiyobisha hodi. Alphonse Mugaruka, fundi wa redio na rafiki wa Lucien tangu shule ya msingi, akaona bunduki yake inalowa. Akauvuka mstari, akaishika ili aifunike. Kwa kanuni hapaswi mtu kugusa bunduki wenzake wakiwa mbele. Alphonse anaijua kanuni hiyo. Ameifundisha kwa wengine.

"Bunduki ilikuwa vide, tupu kabisa," anasema Alphonse. Naye yupo leo, lakini hapigi. Ndiye aliyepandisha kitambaa chekundu, na sasa amekaa chini ya mlingoti kama mlinzi. "Eulalie alikuwa amesema. Na miye mwenyewe nilikuwa nimeangalia. Kwangu miye ile haikukuwa tena bunduki. Ilikuwa chuma chenye kinalowa."

Mfuko wa kuifunikia bunduki ni mwembamba, haupokei bunduki ambayo kulasi yake iko wazi. Akairudisha kulasi mbele. Na hapa ndipo kila kitu kinapotiwa giza. Walenga shabaha wengi wana desturi: bunduki ikiwa tupu, hufunga kulasi kisha huvuta kifyatulio mara moja ili kulegeza springi isichoke. Kidole hufanya chenyewe, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani.

Alivuta?

"Sijue," anasema Alphonse. Anakitazama kidole chake cha kulia kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Kuna siku naamuka najua nilivuta. Kuna siku naamuka najua sikuvuta. Juge aliniuliza mu mahakama, nikamuambia hivi hivi. Akakasirika, akafikiri namuchezea."

Risasi ililia mara moja. Lucien alianguka mbele ya karatasi yake.

Alphonse alikaa mahabusu wiki kadhaa. Bunduki ilipelekwa kukaguliwa, na wakaguzi wawili wakaleta maneno mawili. Wa kwanza alisema kile kidole kidogo cha chuma kinachovuta risasi kutoka chumbani kimelika. Kwamba yawezekana risasi moja iligoma kuwaka, ikabaki ndani kabisa, gizani, huku kulasi ikifunguka vizuri. Wa pili aliijaribu bunduki ileile mara nyingi, na kila mara ilitoa risasi bila tatizo. Mwishowe ikaandikwa kwamba ni ajali, Alphonse akarudi kwake, na bunduki ikabaki mikononi mwa sheria.

Ajali ni neno linalofunga jalada. Halikumfunga Eulalie macho usiku.

Alijaribu kukumbuka. Anasema alikaa mbele ya cherehani, nguo ya mteja chini ya sindano, akijaribu kuiona tena meza ya Alphonse. Aliona kulasi imevutwa nyuma. Aliona shimo. Shimo lilikuwa tupu. Lakini ameangalia mashimo mengi mno katika kazi hii, na yote yanafanana. Hilo analoliona akifumba macho, ni la siku ile, au la Jumamosi nyingine yoyote?

"Labda nilitazama," anasema. "Labda niliona kile nilikuwa nazoea kuona. Nani ataniambia? Hata miye mwenyewe siwezi kujiambia."

Mitaani watu hawakuwa na shida hiyo. Wengine walisema Alphonse alimwonea rafiki yake wivu kwa ushindi. Wengine walisema mwanamke hapaswi kusimamia bunduki. Wengine walisema Bukavu ina bunduki za kutosha, za nini tena nyingine za kuchezea? Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijashonwa, bila kusema kwa nini.

Kisha akaja Agathe, mjane wa Lucien.

Alikuja katikati ya wiki, mchana, akakaa kwenye benchi la wateja. Eulalie alisimamisha cherehani. Muuza mitumba akajifanya ana kazi upande wa pili wa barabara.

"Maman Eulalie, sikuje kugombana," Agathe alisema.

"Karibu, maman."

"Bengine banasema ni Papa Alphonse. Bengine banasema ni weye. Bengine banasema ni ile bunduki ilikuwa mbovu. Mu kanisa padri anasema nisamehe." Akaukunjakunja mwisho wa kitenge chake. "Niko tayari. Lakini uniambie, nimusamehe nani?"

Eulalie anasema hajawahi kuulizwa swali zito kuliko hilo. Jibu jepesi lilikuwa mdomoni. Angeweza kusema, nisamehe mimi. Agathe angelia, wangekumbatiana, na angalau mmoja wao angelala usingizi.

"Nilitaka kujibebesha," anasema. "Vraiment, nilitaka. Angepata mutu wa kusamehe. Lakini kama si miye? Ningekuwa namupa uongo, na ule uongo angeenda nao mpaka ku kaburi la bwana yake. Nikamuambia, Maman Agathe, sijue. Akaniangalia sana. Nikamuambia tena, sijue, na nitakufa pengine sijue."

Agathe aliinuka, akaondoka bila kuaga.

Eulalie alidhani ndiyo mwisho. Alikwisha kumwambia Papa Léopold atafute kamisaa mwingine. Mzee huyo, ambaye tangu msiba amezeeka ghafla, alimjibu kwamba hakuna mwingine, na kwamba klabu ikifa wale vijana na akina mama waliozoea kushika bunduki kwa amri watabaki na kumbukumbu moja tu ya jambo hili, nayo ni maiti. Eulalie hakushawishika. Alikwenda zake.

Aliyemrudisha ni Agathe. Alimtuma jirani na maneno machache: siku mtakayofungua, nijulishe, nataka kuja kuona mnavyofanya.

"Sikuelewa," anasema Eulalie. "Mpaka sasa sielewi. Anataka kuona kwa huzuni, ama kwa hasira, ama anatafuta kitu? Lakini mutu akikuambia anakuja kuona kazi yako, huwezi kukaa nyumbani."

Uzi wa rangi ya chungwa ulikuwa shauri la Alphonse. Aliona kwenye simu kwamba walenga shabaha wa nchi nyingine wanautumia. Waliukata pamoja, yeye na Eulalie, vipande vyenye urefu wa kutosha kutokeza pande zote mbili. Walifanya kazi hiyo karibu asubuhi nzima na hawakuzungumza habari za Lucien hata mara moja. Kanuni nayo imeongezwa makali: watu wakiwa mbele, wapigaji wote waliobaki husimama nyuma ya mstari mweupe, mikono imefungwa kifuani, mvua inyeshe isinyeshe.

Kanuni nyingine ni ya Eulalie peke yake. Papa Léopold aliikataa mwanzoni, akasema si ya mchezo huu wala ya nchi yoyote. Eulalie akamwambia basi atafute sauti nyingine.

Sasa ukungu umeinuka. Agathe amefika kwa pikipiki, amevaa sweta nyeusi, amekaa juu ya jiwe nyuma kabisa. Alphonse chini ya mlingoti ameinamisha kichwa. Hawajasalimiana. Raundi ya kwanza inapigwa, na kila mlio unapotoka, Agathe anafumba macho, kisha anayafumbua.

Filimbi inalia. Bunduki zinawekwa mezani. Uzi unapita, mikono inagusa, meza kwa meza. Eulalie anarudi katikati ya mstari.

Mpango wake ni mashindano ya kiangazi, ambayo klabu inataka wageni wa Walungu na Uvira wahudhurie. Kabla ya hapo anataka kufundisha makamisaa wawili zaidi, ili macho yasiwe ya mtu mmoja. "Na kila mumoja wao atafanya hii nafanya," anasema. "Asiyetaka, aende kushona."

Anavuta pumzi. "Hakuna mutu kusogea!"

Hakuna anayesogea. Eulalie anazipa mgongo bunduki zote na kuanza kutembea kuelekea shabaha, peke yake, kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Mabega yake yamepanda juu kidogo. Hageuki. Anafika kwenye tuta la udongo, anagusa karatasi ya katikati kwa kiganja, ndipo anapowageukia na kupaza ile sauti yake.

"Nendeni!"

Walenga shabaha wanaanza kwenda. Nyuma yao, Agathe anainuka kutoka kwenye jiwe. Hakuna aliyemwalika. Anapita kati ya meza, anavuka mstari mweupe, na Eulalie, anayemwona anakuja, anabaki pale pale kwenye karatasi, akimngoja.