Krismasi Niliyoshindwa Kumsubiri Mzee Omari

Acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka ninyi, kwa sababu aibu niliyoipata Krismasi ile hapa Issuna, Singida, hata wajukuu wangu wanaijua, na mke wangu kila akiisimulia huiongezea chumvi (ingawa, kusema kweli, haihitaji).

Ilikuwa Krismasi ya kwanza tangu tuhamie kijiji cha ujamaa. Tulikuwa tumetoka huku na huku, Wakristo na Waislamu karibu nusu kwa nusu, bado tunatazamana kama wageni, na kijiji kikatoa ng'ombe dume mmoja ili sikukuu hiyo tule wote. Mimi ndiyo kwanza nimechaguliwa mzee wa kanisa, nikaongezewa na uenyekiti wa kamati ya sikukuu, basi kichwa kikavimba, nikawa natembea mikono nyuma hata nikienda chooni.

Sasa, desturi yetu mnaijua: nyama ya shughuli huchinjwa na Mwislamu, ili jirani yeyote asikae na sahani tupu. Mchinjaji wetu alikuwa Mzee Omari, mtu wa maneno machache. Asubuhi ile akachelewa. Mimi nilitaka nyama iwe jikoni kabla ya ibada, nikatazama jua, nikatazama ng'ombe, nikaona naaibishwa mbele ya kamati yangu.

"Tumsubiri mzee," wakasema wenzangu.

"Kamati nzima imsubiri mtu mmoja? Kiongozi ni kuamua!" nikajibu, nikakunja mikono ya shati, nikachinja. Wakatazamana, na mimi (mjinga wa mwisho) nikadhani wamenistaajabia. Si kwamba sikuijua sababu ya ile desturi, niliijua tangu utotoni, lakini cheo kikiwa kipya huziba masikio.

Tulikuwa tunachuna ngozi Mzee Omari alipofika, kanzu safi, kisu kimefungwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenyekiti. Nilikuwa nahangaika na ndama aliyetumbukia shimoni." Akaitazama ile nyama, kisha akakitia kisu mfukoni taratibu. "Haya. Sisi tutakula ugali wetu nyumbani. Krismasi njema."

Afadhali angenichapa bakora! Wanawake wa Kiislamu walikuwa wameshaleta kuni na maji, watoto wao wameshaogeshwa, na mimi kwa mkono wangu nimekigawa kijiji vipande viwili.

"Mzee, nakuomba usiondoke," nikamwambia. "Nakuletea kuku, uchinje mwenyewe."

Nikakimbia nyumbani. Kengele ilikuwa imeshalia na mke wangu, Mama Neema, alikuwa kanisani anaongoza kwaya, kwa hiyo, ingawa kuku ni wake, ruhusa sikuomba. Na kila mwana Singida anajua kuku hukamatwa alfajiri akiwa bado bandani. Mchana kuku wa kienyeji ni mwanariadha. Nikamchagua jogoo mkubwa kuliko wote (haraka tena!), akanizungusha ghala mara tatu, akavuka shamba la mtama, mimi nyuma yake na damu ya ng'ombe kwenye shati, kiatu kimoja kimebaki matopeni, na kanisa letu la nyasi lilikuwa halijawekwa mlango.

Jogoo akaingia, nami nikaingia.

Akapita katikati ya waumini, akajificha chini ya benchi la kwaya, nikapiga mbizi, nikamshika mguu, naye akapiga kelele kuliko wimbo wenyewe.

"Baba Neema!" mke wangu akapaza sauti. "Huyo si jogoo wangu?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mwinjilisti Yona akafunga Biblia akaniuliza kwa upole, "Mzee wa kanisa, umekuja kuabudu au kuwinda?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimelala kifudifudi, jogoo mkononi, na uongo mzuri unahitaji mtu aliyesimama. Nikaungama yote, na kicheko kikaisha.

"Wapendwa," akasema mwinjilisti, "mahubiri ya leo ni mafupi. Majirani zetu hawajapata kitoweo. Nendeni mkakamate kuku."

Wakamwagika nje na nguo zao za sikukuu. Mama Neema peke yake alileta wanne, akinipita bila kunitazama. Mzee Omari akachinja mpaka mkono ukamchoka, wanawake wa Kiislamu wakapika kwenye sufuria zao, na saa ya kula mikeka ikatandikwa pamoja.

Mwinjilisti akanikabidhi birika na beseni. "Mwenyekiti, nawisha watu."

Nikanawisha kijiji kizima, nimepiga magoti, mguu mmoja peku. Mzee Omari nilimfikia mwisho. Akanyoosha mikono, akasugua kidole kimoja, kisha kingine, kisha akarudia cha kwanza, wali unapoa, watu wote wanatungoja, hata maji yakakaribia kwisha.

"Mimina tu, mwenyekiti," akasema, huku anatabasamu. "Leo mimi na wewe hatuna haraka."

Nikamimina. Na tangu siku ile, nikipewa cheo chochote, naulizia kwanza birika liko wapi.