Mwaka Nilipojaza Mwenyewe Karatasi za Mama

Kila mwaka, wakati wa kutangaza kodi kwa serikali ukifika, mama alivaa kitenge chake cha misa, akafunga kilo mbili za maharagwe katika mfuko, akateremka kwa miguu mpaka kwa mzee aliyemwandikia karatasi. Tulimwita Papa Comptable, yaani Baba Mhasibu. Zamani alikuwa ameshika vitabu vya kiwanda cha kahawa. Kiwanda kilipofungwa akakodi chumba kimoja nyuma ya soko la Butembo, akaweka meza, viti viwili na kabati la chuma lisilofungika vizuri. Wafanyabiashara wadogo, wajane wenye nyumba za kupangisha, walimu wastaafu, wote walipita kwake.

Mama alikuwa na nyumba moja tu ya kutangaza. Iko Beni. Tulikuwa tukiishi humo mdogo wangu alipopotea. Alikuwa mwanafunzi, na wakati wa likizo alikuwa akinunua kakao kidogo kidogo na kuiuza ili alipe masomo yake. Asubuhi moja alipanda pikipiki kwenda Eringeti, na watu wa porini wakafunga barabara. Dereva alipatikana amekufa. Mdogo wangu hakupatikana, wala hai wala maiti. Tulingoja Beni mwaka mzima, kisha mjomba akatuleta Butembo, na mama akapangisha nyumba kwa familia ya mwalimu. Ndivyo alivyoanza kudaiwa na serikali kodi ya pango, na ndivyo alivyomjua Papa Comptable.

Mimi ninafundisha hesabu katika shule ya sekondari. Nilipenda kuona mambo yanakwenda haraka. Ziara zile za mama zilinisumbua. Alitoka saa mbili asubuhi, akarudi saa sita, kwa karatasi ambayo mtu mwenye akili angeimaliza kwa nusu saa. Tena alilipa. Kwa hiyo niliposikia kwamba sasa mtu anaweza kutangaza kodi yake kwa mtandao, nilifurahi.

“Mama,” nilimwambia, “mwaka huu usiende. Mimi nitakufanyia kwa simu.”

Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

“Papa Comptable ananiuliza, mi najibu, yeye anaandika. Sasa unataka simu njo iniulize?”

“Simu haichokake, Mama. Na haiombake franga.”

“Ule mzee pia hachokake,” alisema. Lakini hakukataza. Alikuwa na maumivu ya goti mwaka ule, na mteremko wa soko ni mbaya wakati wa matope.

Nilifanya kazi ile Jumamosi, kwenye kompyuta ya shule, kwa sababu simu yangu ilikuwa ndogo. Nilianza na jina la mama, mahali nyumba ilipo, pango la mwezi. Yote yalipita. Kisha ukaja ukurasa wa watu wanaomtegemea. Nilikuwa nimeweka kando ya kompyuta ile nakala ya mwaka uliopita, ambayo mama aliihifadhi ndani ya Biblia. Kwa mwandiko wa Papa Comptable palikuwa na watu watatu: nyanya yetu, dada yetu mdogo, na yule aliyepotea. Nikaandika nyanya. Nikaandika dada. Nikaandika jina la mdogo wangu na tarehe ya kuzaliwa, na maneno mekundu yakatokea. Umri wake ulikuwa umepita ule unaoruhusiwa. Kama bado anasoma, niweke cheti cha chuo. Nilijaribu tena, nikidhani nimekosea mwaka. Yakatokea yale yale.

Sitadanganya kwamba nililia. Niliwaza kwamba umeme unaweza kukatika, na kwamba nikianza upya nitapoteza Jumamosi nzima. Pembeni ya jina lake kulikuwa na kitufe kilichoandikwa *supprimer*, yaani futa. Nikakibonyeza. Mstari ukaondoka, ukurasa ukakubali, na baada ya dakika chache nikapata risiti yenye namba. Niliichapisha, nikapanda pikipiki mpaka nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Mama hasomi Kifaransa vizuri, ila majina ya watu wake anayajua yakiandikwa popote. Alishika karatasi kwa mikono miwili.

“Nisomee.”

Nikasoma. Nyumba, pango, nyanya, dada.

“Endelea.”

“Ni kwisha, Mama.”

“Kwisha namna gani?”

Nilimweleza habari ya umri na cheti. Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani, hatua kwa hatua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Donc umemutosha.” Yaani, nimemwondoa.

“Mashini njo ilikataa, Mama. Ni karatasi ya kodi tu.”

“Nani alikuambia amekufa?”

“Mimi hapana kusema amekufa!”

“Hukusema,” alijibu. “Umemutosha tu.”

Alikunja ile risiti, akaniwekea mkononi, akarudi jikoni. Siku ile alipika, alikula, alisali rozari na nyanya kama kawaida. Hakunigombeza. Ingekuwa heri. Kwa siku nne alinijibu kwa neno moja moja, na nilipomsalimia asubuhi alinitazama kwa adabu, kama mgeni aliyelala kwetu.

Siku ya tano nilikwenda kwa Papa Comptable. Nilitaka aandike karatasi nyingine kwa mkono, kama ya zamani, nimpelekee mama. Nilimkuta peke yake, amevaa koti zito kwa ajili ya baridi. Wateja wengi walikuwa wamehamia kwenye simu kama mimi. Nilimweleza yote, na nikamwomba radhi kwa kumwacha bila kumwambia.

“Mutoto wangu,” alisema, “hata mimi nilimutosha. Tangu mwaka wa pili.”

Sikuelewa. Alifungua kabati, akatoa faili ya mama, akatandaza karatasi mbili mbili juu ya meza. Tangu mwaka huo zilikuwa mbili kila mwaka. Ile yenye muhuri wa ofisi ya kodi ilikuwa na watu wawili. Ile isiyo na muhuri ilikuwa na watatu.

“Hii ni ya Leta,” alisema, akigusa ya serikali. “Leta hapana kudanganywa, mimi ni shemasi wa kanisa. Na hii ni ya Mama. Ya Mama haiendake fasi yoyote.”

“Mama anajua?”

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

“Sikumuulizaka hata siku moja. Karatasi inasema niulize, batu wangapi wako nyuma yako? Ananihesabia. Akifika kwa ule kijana, namuuliza, huyu habari yake? Basi anaanza. Mwaka moja alinielezea vile alimuzaa njiani, mbele ya kufika hospitali. Mwaka ingine, namna alikuwa anaogopa bata. Anacheka, analia kidogo, anapanguza macho, anaenda.” Akavaa miwani tena. “Kwa nyumba, ninyi munamuulizaka?”

Nyumbani tulikuwa tumeacha kulitaja jina lake. Tulidhani tunamlinda mama. Dada yangu akitaka kusema jambo la zamani alisema “wakati ule wa Beni,” na sote tukaelewa, tukaliruka. Miaka yote hiyo mama alikuwa akishuka sokoni na maharagwe yake, kumlipa mtu wa kanisa lingine, asiye ndugu yetu, ili amuulize habari za mtoto wake.

Nikamwomba tena aandike ya watu watatu.

“Sasa hapana,” alisema kwa upole. “Amesha kuona ile yako. Nikiandika leo, yeye na mimi tutajua ni uongo. Hatutaweza kutazamana.”

Nilimpa mkono. “Wasingya,” nilimshukuru kwa Kinande.

Mama hakurudi kwake tena. Miezi michache baadaye alituita mimi na dada yangu, akasema anauza nyumba ya Beni. Hakutaja sababu, na hatukumbishia; ila nyumba ikiuzwa, karatasi za kodi nazo zingekwisha. Mwalimu aliyekuwa anapanga ndiye aliyeinunua. Siku ya kutia sahihi nilimsindikiza mpaka nyumba ile, Beni. Mambo yalipomalizika, mama hakutoka. Alisimama uani na mke wa mwalimu, akamshika mkono.

“Mama, kama kijana mumoja anakuja kugonga hapa, yuko na kovu juu ya jicho, umuambie tuko Butembo. Umuambie aulize kwa parokia, batamuonyesha.”

“Ndiyo, Mama,” alisema yule mwanamke. “Nitamuambia.”

“Hata kama amezeeka.”

“Hata kama amezeeka, Mama.”

Tukapanda taksi kurudi. Barabara ilikuwa kavu, na kwenye vizuizi askari walitupitisha bila maneno mengi. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Tulipoanza kupanda milima nikamuuliza, nikimtaja mdogo wangu kwa jina, siku ile alipomzaa njiani ilikuwaje.

Mama aligeuka, akaniangalia. Nadhani alitambua ni nani aliyeniambia.

“Leo nimechoka,” alisema.

Niliuliza tena Jumapili iliyofuata, na baada ya hapo tena. Mara nyingine ananijibu maneno mawili, matatu, kisha anatafuta kazi ya mikono. Mpaka sasa ninajua kwamba ilikuwa mvua, na kwamba kulikuwa na mwanamke muuza ndizi aliyewafunika kwa kitenge chake. Mengine hajanipa bado. Papa Comptable, ambaye aliyajua yote, alifunga chumba chake mwaka uliofuata, akaenda kukaa kwa binti yake karibu na Kamango, na huko ndiko alikozikwa.