Cherehani Niliyoinunua Bila Kushauriana

Marehemu mume wangu hakuwa mtu wa haraka. Baiskeli yetu tuliijadili misimu kadhaa ya kahawa kabla ya kuinunua, nami nilikuwa nikinung'unika. Alipofariki, niliuza kahawa yetu, nikaenda mjini Kayanga na kuchagua cherehani ya mkono katika duka la kwanza.

"Mama, huendi kwanza kushauriana nyumbani?" muuzaji aliniuliza.

"Nifungie tu," nilimjibu.

Nilidhani nitafurahi kuamua upesi namna ile. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani Ndama, cherehani ikiwa kichwani, nilitamani mtu wa kuniambia nimekosea. Nilipofika niliitua mezani, nikakaa mbele yake mpaka giza likaingia. Sikuwa na wa kumwonyesha.