Kifurushi kisichokimbia vita

Miaka ya vita, nyumbani kwetu mtaani Carama, nilikuwa natayarisha moduli ya Perl, kipande cha programu ya kompyuta, iwe kifurushi ambacho watumiaji wa Linux wangekisakinisha kwa amri moja. Mama aliniuliza ninafanya nini kutwa mbele ya kompyuta.

"Mi nafunga kifurushi, mama. Kesho kinaondoka."

Akatoka. Baadaye nilimkuta uani amefunga sufuria na mablanketi ndani ya kitenge, na shangazi ameshafika na mzigo kichwani.

"Tunakimbilia wapi?" shangazi akauliza.

Nikawaeleza habari za moduli, kwa kirefu.

"Apana," mama akasema. "Mutu anafunga kifurushi bila kukimbia?"

Walifungua mizigo wakininunia. Kesho yake nilikituma changu kutoka saiba, duka la intaneti, mtaani Asiatique. Wakaguzi wa vifurushi vya Linux, walioko ng'ambo, walikikataa, wakisema maelezo yangu hayaeleweki.