Nyonga ya Notburga

Kabla ya nyonga kulikuwa na pumu. Notburga wa kijiji cha Ukata aliugua pumu tangu utotoni, na kila masika kifua kilimbana hadi akashindwa kushika jembe. Mwaka 1993, maduka binafsi ya dawa yalipoanza kufunguliwa Mbinga mjini, daktari alimwandikia prednisoloni, vidonge vidogo vyeupe, vya siku tano. Siku ya tatu alipumua vizuri. Baada ya wiki alikuwa shambani na mumewe Pankras, wakichimba ngoro za kukingia maji ya mvua, shimo baada ya shimo, kwenye mteremko.

Vya siku tano alivimeza miaka minne.

"Dada, hivi si njugu," Ramadhani, mwenye duka, alimwambia zaidi ya mara moja. "Rudi kwa daktari akupime."

"Nikikaa foleni hospitali, nani atalima?"

Ramadhani alipokataa kumuuzia, alihamia duka jingine ambako hakuulizwa kitu.

Uso ukamvimba, ukawa mviringo. Majirani walisema kahawa imemlipa, maana siku hizo wanunuzi binafsi walikuwa wakifika na magari yao hadi vijijini. Notburga hakuwa na nguvu ya kubishana nao.

Maumivu yalianzia kwenye kinena, upande wa kushoto, yakashuka hadi gotini. Kwa hiyo alitibu goti. Alilichua kwa mafuta, akalikanda kwa maji ya moto, akachanjwa chale. Goti halikuwa na tatizo lolote. Kufikia mwaka 1997 hakuweza tena kuchuchumaa jikoni, na Jumapili Pankras ndiye aliyemvalisha viatu.

Hospitali ya misheni walimpiga picha ya eksirei. Daktari Mansuetus, kijana mpole, aliishika picha dirishani Notburga na Pankras waione.

"Mama, huku kulia kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo. Huku kushoto kimebonyea. Kinalishwa na mishipa midogo sana. Damu ikikatika, mfupa unakufa humo humo mwilini, kisha uzito wako unauponda. Tungewahi mapema, tungeutoboa kuupunguzia shinikizo, pengine ungepona."

"Damu imekatwa na nini?"

"Kwa wengine ni kuvunjika, au pombe, au selimundu. Kwako nadhani ni vile vidonge."

"Vile vilivyonipa pumzi?"

"Hivyo hivyo. Lakini usiviache ghafla, mwili umevizoea, utakuangusha. Tutavipunguza kidogo kidogo, na nitakupa dawa ya pumu ya kuvuta."

Kisha akaeleza lililobaki. Kuna nyonga za chuma, lakini si hapo, na foleni yake ni ndefu. Yeye angeweza kukitoa kile kichwa kilichokufa. Mguu ungefupika, angechechemea na kutembelea fimbo maisha yake yote, ila maumivu yangepungua sana.

"Mama Placidi," Pankras alisema, "mguu ukifupika haurudi."

"Nimechoka, Baba Placidi. Akitoe."

Baada ya upasuaji alilala hospitalini wiki sita, mguu ukivutwa kwa jiwe lililoning'inia mwisho wa kitanda. Aliporudi nyumbani, fundi viatu alimwongezea kisigino cha raba ya tairi kwenye kiatu cha kushoto. Yale maumivu ya kumfanya aume shuka yaliisha. Yalibaki ya baridi tu, mwezi wa Juni na Julai. Ngoro hakuchimba tena. Mdogo wake Tadea alichimba kwa niaba yake, naye Notburga akawa mtu wa kuketi, kuchambua kahawa na maharage, jambo ambalo miaka yote aliliona kazi ya vikongwe. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Pasaka iliyofuata alikataa kubebwa kwa baiskeli, akaenda kanisani kwa fimbo. Alifika Injili imekwisha kusomwa. Aliketi benchi la nyuma, wenzake walipopiga magoti yeye akabaki ameketi, na misa ilipokwisha akasubiri watu wapungue mlangoni, ndipo akanyanyuka.