Kivuli cha Nguzo

Jana rafiki yangu wa utotoni alinitumia picha kwenye simu. Tulikaa naye bega kwa bega kwenye masomo ya Kifaransa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi; siku hizi yeye yuko Ufaransa. Jumapili alipanda basi akaenda kutembelea mji mdogo wa mashambani, mji wa zamani sana, na chini ya picha ameandika: "Nimefika kwa mwalimu." Sikuhitaji kuuliza ni wapi. Kiwanja cha mraba katikati, njia zimenyooka kama zimepigwa kamba, na pembeni mwa kiwanja nyumba zimekaa juu ya nguzo za mawe, watu wanapita chini yake kwenye kivuli. Kwanza nilifurahi. Halafu hasira ikanishika, na mpaka asubuhi hii haijaniachia, njo maana naandika. Kama ni haki yangu kukasirika, sijui. Wewe utasoma, utaniambia.

Mwalimu alitoka Bukavu, Kongo, na hapa kambini alikuwa jirani yetu, mlango kwa mlango. Alisema kwamba akiwa kijana kanisa lilimtuma Ufaransa muda mfupi, na huko wakamtembeza kwenye miji ile. Inaitwa bastide. Jumamosi tukimaliza kuchota maji na kufagia, alituketisha kwenye udongo mwekundu, akachukua kijiti akasema, "Leo tunatembelea." Alichora kiwanja, akachora njia, na sisi tulitembea humo kwa vidole. Kila mtoto alichagua mahali pa nyumba yake na pa bustani yake. Wakubwa kidogo walimchokoza: "Mwalimu, ulifika kweli, ao ulionaka ku kalenda?" Yeye alijibu kwamba kalenda haiko na harufu ya fromage, ile jibini yao. Tukauliza fromage inanuka namna gani. "Soksi ya golikipa," alisema, na tukacheka mpaka tukafuta mji kwa makalio.

Alitufundisha kwamba miji ile ilipimwa kabla ya watu kuja. Wakubwa wa nchi walikuwa na pori, walitaka lilimwe, basi wakaita watu kutoka kila upande. Aliyefika na jembe lake tu alipewa kiwanja cha nyumba, kipande cha bustani, na sokoni kulikuwa na kivuli cha kuuzia. Nisiwapambe wale wakubwa: mwalimu mwenyewe alisema walitaka kodi, hawakuwa malaika. Lakini wale waliofika waliitwa hôte. Neno hilo alilipenda sana. Kwa Kifaransa hôte ni mgeni, na hôte ni mwenyeji anayempokea. Neno ni moja. Sisi ambao jirani wa vijijini walituita alendo, yaani wageni, tulilirudia kwa sauti mpaka bamama wakatuambia tunyamaze.

Mimi kila Jumamosi nilichagua kiwanja kile kile, kwenye kona ya soko, sababu ya sombe. Mama alikuwa anauza sombe. Sauti yangu ya utoto ni mchi kwenye kinu kabla hakujapambazuka vizuri, na harufu ya majani ya muhogo yaliyosagika, mbichi, kali kidogo puani. Alitandika mfuko chini sokoni, akapanga mafungu ya kijani. Jua likipanda, sombe inaanza kuchemka yenyewe, inakuwa nyeusi, inachacha. Iliyochacha tulikula sisi na nsima, ugali wa huku, na kesho yake mama hakuwa na cha kununulia majani mengine. Alijifunga kitambaa chenye maji kichwani sababu ya jua, na bado jioni alilala kichwa kinamuuma.

Sasa mwalimu akaona kuchora hakutoshi. Yeye na baba wachache wa kanisa walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo za miti, wakaezeka majani na mahema yaliyochakaa, kivuli kirefu upande mmoja wa soko. Nilipita chini yake na bakuli la sombe kichwani, nikahesabu nguzo kwa Kifaransa. Saa ya chakula ikapita, sombe bado kijani. Mama aliimba. Nasema aliimba, inawezekana nimeongeza mimi, lakini wimbo ninaukumbuka.

Kivuli hakikukaa. Alikuja mkubwa mmoja wa kusimamia kambi, na vijana wa kubomoa. Alieleza kwa upole, sitamsingizia. Alisema mwavuli ni sawa, hema ni sawa, meza ni sawa. Nguzo iliyochimbiwa ni jengo la kudumu, na wageni hawajengi vya kudumu. "Vya kubebwa, ndiyo. Vya kuchimbiwa, hapana." Mwalimu akamweleza habari ya hôte, palepale sokoni, kijiti mkononi. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, hapa hatuongei Kifaransa." Bamama wengine walicheka, hata mimi.

Mama hakucheka. Alisema, "Mutuachie basi mpaka sombe iishe."

Na yule bwana akangoja. Hilo linaniumiza kuliko kama angekuwa mkali. Alikaa kwenye jiwe, juani, akangoja mpaka fungu la mwisho likaisha, njo akawaambia vijana wang'oe. Wakafukia mashimo vizuri, wakatuachia miti tupikie.

Mama hayuko tena. Mwalimu naye hayuko. Mimi nilikwenda Lilongwe, nikashona nguo miaka mingi mtaa wa Area 47, kwenye baraza la duka lenye nguzo za simenti. Mwenye duka, mama Mmalawi, hakunionea hata siku moja. Kisha likatoka agizo kwamba wakimbizi wote turudi kambini. Nimetafuta mtu wa kumkasirikia, na kila ninayemfikia ana sababu yake. Wenyeji nao ardhi haiwatoshi, naliona kwa macho yangu. Lakini hasira iko, na huko Ufaransa watu wanalipa basi kwenda kupiga picha nguzo.

Cherehani yangu iko leo pale pale pa sombe. Jua linakula rangi ya vitenge vya watu nikiviona. Jirani yangu wa meza, mama wa kijiji anayeuza nyanya, ameniangalia, amesogeza mwavuli wake akaniambia, "Bwerani pamthunzi." Njoo kivulini. Nimesema zikomo, asante, na nimesema kwa moyo wote.

Sasa ni mchana, kivuli kimehama, kiko kwenye nyanya zake. Sitamwomba asogeze tena. Nakanyaga cherehani, na kwa kisigino naupapasa udongo chini ya meza, natafuta mahali ulipo laini, palipofukiwa shimo la nguzo.